Ng'ombe Watano na Alama ya Yuro

Mwaka 2008 nilikuwa na steshenari ndogo Tukuyu mjini, si mbali na stendi. Kompyuta mbili, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikwama kila unyevu ukizidi. Na Tukuyu, kama hujafika, unyevu huzidi karibu mwaka mzima. Watu waliniletea mitihani ya shule za msingi, katiba za vikundi vya kukopeshana, ratiba za mazishi. Wengine waliniomba niwatumie na barua pepe, maana intaneti ilikuwepo, ili mradi umeme haujakatika na ukungu haujatuzidi ujanja.

Siku moja akaja baba mdogo. Alivua kofia, akaketi, akakataa chai. Nikajua ana jambo.

Mdogo wangu, binti yake, alikuwa ameposwa na kijana wa upande wa Kyela. Baba wa kijana alishafariki, na aliyesimama mahali pake ni kaka yake mkubwa, mtu wa Hamburg, Ujerumani, huko anakofanya kazi tangu ujana. Mshenga alikwishakuja, maneno yalikwishasemwa, lakini kaka mtu aliomba apewe kwa maandishi kile ambacho wazee wa upande wetu wamekubaliana. Baba mdogo hakupenda. Kwake mahari si kitu cha kuandikiana. Lakini dunia imebadilika, akasema, basi andika.

"Andika ninavyosema, usiniongezee."

"Ndiyo, baba."

Nikaandika. Salamu, mvua, afya za wazee, halafu lenyewe: ng'ombe 5, mmoja wao ng'ombe wa mama, mwingine ng'ombe wa mjomba, na hao watatu waliobaki wana mazungumzo yao. Wakulima wa migomba na chai tumekuwa, lakini kwenye ndoa bado tunahesabu kwa ng'ombe hata pale mwisho wa yote zinapotolewa noti. Neno hilo lilitokea mara tisa kwenye barua ile. Nilichapa kwenye programu ya kuandikia nyaraka, nikapanga aya vizuri, nikanakili nikabandika kwenye barua pepe, nikatuma. Baba mdogo akalipa shilingi mia tano ambazo sikutaka kuzipokea.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, fupi na baridi. Shikamoo baba, tumepokea, na tumeziona pia alama mlizotuwekea. Sisi tulidhani tunazungumza undugu. Kama wazee wanataka kulipwa kwa fedha za kigeni kwa kuwa mimi niko Ulaya, wangesema tu wazi, kuliko kutuwekea vijembe mle ndani.

Nilimsomea baba mdogo. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Alama gani?" Sikuwa na jibu. Nilifungua barua niliyotuma, nikaisoma upya mbele yake, hakuna kitu. Akasema mtu anayekutafutia sababu ya kujitoa atakuja na lolote, akavaa kofia yake akaondoka. Wiki tatu zikapita. Mshenga akawa anapita njia nyingine asikutane naye. Binti mwenyewe akawa anakuja dukani, anakaa kwenye kiti cha wateja, haongei.

Nilichokosa siku zote hizo ni kushuka chini ya jibu lile. Jamaa wa Hamburg alikuwa ameiacha barua yangu chini ya maneno yake, kama barua pepe zinavyofanya. Siku nilipoteremka ukurasa hadi mwisho nikaiona kama yeye alivyoiona:

Ngâ€™ombe 5. Ngâ€™ombe 1 wa mama. Ngâ€™ombe 1 wa mjomba.

Mara tisa. Kila penye ng'ombe, katikati ya neno, alama ya yuro.

Hebu jiweke mahali pake. Uko Hamburg, unalipwa kwa yuro, unajua kwenu watu hawasemi jambo moja kwa moja hasa likiwa la mahari, na unapokea barua ya mkwe mtarajiwa ambayo kila ng'ombe amevishwa yuro tumboni. Vitu vingine vyote vimekaa sawasawa. Salamu ziko sawa, mvua iko sawa. Ni ng'ombe tu. Mimi mwenyewe ningeona kijembe.

Nilimpigia binamu yangu wa Dar es Salaam aliyekuwa fundi kompyuta. Alicheka mpaka nikamkumbusha kwamba vocha ni yangu. Kisha akaniambia nifungue vichwa kamili vya barua ile, ile mistari mingi ambayo mtu wa kawaida haioni, nimsomee ulipo mstari unaoanza na Content-Type. Nikamsomea: text/plain. "Halafu?" Halafu hakuna, nikasema. "Basi hapo ndipo ulipo ugonjwa wako," akasema. Barua ilikuwa imeondoka Tukuyu bila kutaja imeandikwa kwa mfumo gani wa herufi, na ilipofika Ujerumani, programu ya kule ikabahatisha.

Nilitengeneza jambo lile kwa dakika kumi, nitalieleza. Lakini swali lililobaki kichwani mwangu ni kwa nini ng'ombe. Barua ina maneno zaidi ya mia mbili, kwa nini aumie ng'ombe peke yake? Jibu la swali hilo limenichukua miaka, na linaanzia mbali kidogo.

Kiswahili kina sauti ambayo alfabeti ya Kirumi haina herufi yake. Ni ile ya ng'ombe, ng'ambo, ng'ara. Watu wa pwani walipokuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu hawakuwa nayo pia. Waliegemea ghaini na kumwachia msomaji ajue. Wamisionari walipoanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilibidi waamue. Edward Steere wa Zanzibar, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, aliandika ng na kuweka alama ndogo juu, ile inayoitwa apostrofi, ili kuitenga ng' ya ng'oa na ng ya ngoa. Moja ni kung'oa mti, nyingine ni wivu. Alama ile ndogo ndiyo inayobeba tofauti yote.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1927 taasisi ya lugha na tamaduni za Afrika iliyokuwa London, ambayo Diedrich Westermann alikuwa mmoja wa viongozi wake, ilitoa kijitabu kilichopendekeza alfabeti moja kwa lugha za Afrika. Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba vidoti na vistari vya juu na chini ya herufi vinachosha mwandishi na mchapaji, bora kuunda herufi kamili mpya. Kwa sauti yetu walipendekeza ŋ. Lugha kadhaa za Afrika Magharibi ziliipokea na zinaitumia hadi leo. Huku kwetu, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake, Kiswahili sanifu kilibaki na ng' ya Steere. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inayo.

Kwa miaka mingi uamuzi ule ulikuwa baraka. Taipureta yoyote, iwe imetengenezwa Uingereza au Marekani, ilikuwa na apostrofi. Ofisi ya mkuu wa wilaya pale boma, shule, misheni, wote waliandika ng'ombe bila kuagiza mashine maalumu. Na apostrofi ya taipureta ilikuwa moja tu, imesimama wima, haina kulia wala kushoto, kwa sababu watengenezaji walitaka kuokoa nafasi ya vitufe. Kitu hiki kidogo kiwekeni akilini.

Mwaka 1963 Wamarekani walipanga orodha ya alama za kompyuta iitwayo ASCII: nafasi 128 tu, kwa sababu kila alama ilipewa biti 7. Ni orodha ya watu wanaoandika Kiingereza. Mfaransa hakuwa na é yake mle, Mjerumani hakuwa na ü. Lakini Mswahili, kwa bahati tu, alikuwa na kila kitu. Herufi zetu zote zimo, na apostrofi iliyosimama wima imo, namba 39. Ray Tomlinson alipotuma barua ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao mwaka 1971, na Jon Postel alipoandika kanuni za kusafirisha barua pepe mwaka 1982, njia yote ilijengwa kwa biti 7. Mtu angeweza kuandika Kiswahili safi kupitia njia hiyo na kisiharibike hata nukta, wakati Wajerumani wanahangaika kuandika ue badala ya ü. Sijui kama kuna aliyewahi kutupongeza kwa hilo.

Kilichomwumiza ng'ombe wangu ni adabu. Programu za kuandikia nyaraka zilipopevuka zikaanza kuona aibu ya apostrofi iliyosimama wima kama ya taipureta. Wachapaji wa vitabu siku zote walitumia iliyopinda, yenye kichwa na mkia. Basi programu ikajifunza kuibadilisha yenyewe: wewe unabonyeza ya wima, yenyewe inaweka iliyopinda, na hata haikuulizi. Kwa jicho la binadamu ni kitu kilekile kimependezeshwa. Kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa, isiyomo kwenye zile 128.

Alama iliyopinda iende wapi sasa? Mwanzoni kila kampuni na kila nchi ilitengeneza orodha yake ndefu zaidi, ya nafasi 256, na orodha hizo hazikufanana. Kwenye ile ya Windows kwa Ulaya Magharibi, iitwayo Windows-1252, apostrofi iliyopinda ni namba 146. Kwenye orodha ya kimataifa iliyokaribiana nayo, ISO 8859-1, namba hiyo haina alama ya kuonekana. Ndiyo maana zamani kulikuwa na barua ambazo ng'ombe alifika kama "ngombe" mwenye kiboksi, au hana kitu kabisa.

Mwaka 1992 yakatokea mambo mawili. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME, ambazo ndani yake barua pepe inapewa nafasi ya kusema waziwazi: mimi nimeandikwa kwa orodha fulani. Ni ule mstari wa Content-Type ambao binamu aliniuliza. Na mwezi Septemba mwaka huohuo, Ken Thompson na Rob Pike walikaa kwenye mgahawa New Jersey wakabuni UTF-8, njia ya kuandika orodha mpya kubwa ya herufi za dunia nzima, Yunikodi, bila kuvuruga ASCII ya zamani. Ubunifu wao ni huu: herufi zilizomo kwenye zile 128 zinabaki vilevile, baiti moja. Zisizomo zinaandikwa kwa baiti mbili, tatu au nne. Apostrofi iliyopinda inachukua baiti 3. Kwa hesabu za kompyuta zinaandikwa E2, 80, 99.

Sasa mpe baiti hizo tatu mtu anayedhani anasoma Windows-1252, ambako kila baiti ni herufi moja. E2 kwake ni â. 99 kwake ni ™, alama ya biashara. Na 80? Nafasi ya 80 kwenye orodha ile ilikuwa tupu kwa muda mrefu, mpaka Ulaya ilipokuwa inajiandaa kwa sarafu yake mpya na Microsoft ikatafuta mahali pa kuiweka. Mwaka 1998 wakaiweka pale. Hivyo kama baba mdogo angetuma barua hiyohiyo miaka kumi na tano kabla, na vyombo hivi vikawepo, ng'ombe wangefika na uchafu lakini hawangefika na yuro. Ugomvi wa ndoa ya Tukuyu ulikuwa umetegwa na watu waliokaa kikao cha kutafutia sarafu nafasi tupu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ng'ombe peke yake. Kiswahili chote kimo ndani ya zile 128, kwa hiyo chote kilipita salama. Kilichokuwa nje ni apostrofi iliyopinda. Wajapani wana neno lao kwa balaa hili, mojibake, herufi zilizogeuka. Wajerumani huiita saladi ya alama. Mjapani barua yake ikigeuka hugeuka yote, ukurasa mzima unakuwa takataka na kila mtu anajua mashine imeharibika. Sisi hugeuka jino moja tu, kinywa kingine kizima. Ndiyo maana mtu anadhani umefanya makusudi.

Kutibu ni rahisi ukijua kusoma dalili. Ukiona ngâ€™ombe, usifute kitu: baiti zote zipo, zimesomwa vibaya tu. Mwambie anayesoma atafute kwenye programu yake mahali pa kuchagua usimbaji wa herufi, achague UTF-8, na ng'ombe atarudi mzima. Ukiona ngÃ¢â‚¬â„¢ombe, mtu wa pili ameijibu na kuituma barua iliyokwishaharibika, ikaharibika juu ya uharibifu. Nayo inafunguka, ila kwa hatua mbili. Ukiona ng=E2=80=99ombe, ni vazi la safari la MIME ambalo halikuvuliwa lilipofika. Ukiona ng?ombe, hapo pole. Kuna mashine njiani ambayo haikuijua alama ikaitupa na kuweka alama ya kuuliza. Hakuna programu itakayokurudishia. Ni kumwandikia aliyetuma atume tena. Mimi tangu siku ile nimezima kwenye kompyuta zangu zote kile kipengele cha kupindisha apostrofi. Vijana wananiambia si lazima tena, siku hizi kila kitu ni UTF-8. Nawaitikia, na kipengele kinabaki kimezimwa.

Lakini hadithi haikuishia kwa ng'ombe. Kutoka steshenari yangu kwenda Rungwe Misheni si safari ndefu, na pale kuna habari ya herufi ambayo mimi, Mnyakyusa, sikuwahi kufundishwa shuleni.

Wamisionari wa Moravian, Theodor Meyer na wenzake, walifika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891. Mwaka huohuo wale wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky walifika wakajenga kituo chao. Wote walikuta lugha yenye irabu saba. Kiswahili kina tano. Ukimsikiliza bibi akisema Kinyakyusa utasikia i mbili na u mbili, moja kali na moja imelegea, na kulegea kwake si lafudhi, ni herufi nyingine. Wajerumani wale hawakuja mikono mitupu. Karl Richard Lepsius alikuwa ametoa mwaka 1855 mpango wa alfabeti moja ya kuandikia lugha zote za dunia, na wamisionari wa Berlin walikuwa wameshautumia Afrika Kusini. Ni mpango wa vidoti na vistari, juu na chini ya herufi. Carl Schumann alitoa sarufi yake ya lugha yetu mwaka 1899, wakati huo wakituita Wakonde.

Walisikia vizuri. Tatizo lilikuwa mashine. Kitu unachoweza kukiweka kwa kalamu, au kwa herufi za risasi kwenye kiwanda cha uchapaji Berlin, huwezi kukiweka kwa taipureta ya ofisi Tukuyu. Kwa hiyo katika maisha ya kawaida, barua za nyumbani, majina ya watoto kwenye vyeti, mabango ya mikutano, irabu saba zikabanwa ndani ya tano. Kila Mnyakyusa ninayemjua anaandika hivyo. Tunaandika umundu, mtu, kwa u tatu za kawaida, na kinywa kinajirekebisha chenyewe. Mtoto aliyelelewa na bibi yake atasoma sawa. Aliyelelewa Dar es Salaam atasoma kwa Kiswahili, na bibi atatabasamu tu asimuumbue.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaisimu waliokuwa wakifanya kazi Mbeya pamoja na wasemaji wa lugha za huku walirudi kwenye swali lilelile la Schumann. Safari hii hawakuchukua vidoti. Walichukua herufi zilizokatwa kwa mstari, ɨ na ʉ. Kwa maandishi hayo, mtu ni ʉmʉndʉ. Nilipoliona neno hilo limeandikwa hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Ni kama kuona picha ya mtu wako ambaye siku zote ulimjua kwa sauti ya simu.

Sasa sikia. Ʉ ndogo ilikuwemo kwenye Yunikodi tangu mwanzo, kwa sababu wanafonetiki wanaitumia. Ʉ kubwa haikuwemo. Wanafonetiki hawaanzi sentensi kwa herufi kubwa, kwa hiyo hakuna aliyeiomba. Iliingizwa mwaka 2006, toleo la 5.0. Kinyakyusa ni lugha ambayo majina ya watu kama ʉmʉndʉ, na vitenzi visivyonyambulishwa nafsi, huanza na irabu hiyohiyo. Hadi mwaka 2006, basi, sentensi nyingi za kwetu zisingeweza kuanza kwenye kompyuta kwa kufuata kanuni za dunia. Watu walijitengenezea fonti za kienyeji: unachukua herufi usiyoihitaji, labda ya Kidenishi, unabadili sura yake iwe Ʉ. Kwenye kompyuta yako inasomeka vizuri. Ukiituma kwa mtu asiye na fonti yako, anapata Kidenishi.

Nayajua haya kwa kuyapitia. Nilipokuwa nimeshamweleza jamaa wa Hamburg habari ya baiti tatu, na yeye ameshachagua UTF-8 na kuwaona ng'ombe wakiwa wazima, aliandika barua ndefu ya kuomba radhi. Ilianza kwa baba mdogo, ikapita kwa mama, ikanifikia hata mimi mchapaji. Mwishoni akaomba kitu. Alitaka maneno ya bibi yetu, yale anayowaambia maharusi, yaandikwe kwa Kinyakyusa, ayachapishe kwenye karatasi nzuri kule ili yasomwe siku ya harusi. Alisema amekaa huko miaka mingi, Kinyakyusa chake kimekauka, anataka akisome kama kinavyosemwa.

Nilikwenda kwa bibi, nikaandika kwenye daftari. Nikarudi dukani, nikahangaika jioni nzima kuzitafuta ɨ na ʉ moja moja kwenye jedwali la alama, kunakili na kubandika. Kurasa mbili. Nilijiona msomi. Nikatuma.

Kesho yake akapiga simu. Safari hii hakukasirika, alikuwa anacheka. Alisema kuna mahali nimeandika Ê‰mÊ‰ndÊ‰, je, huyo ni mtu au namba ya gari?

Ni ugonjwa uleule, bila shaka. Ʉ ndogo ina baiti mbili, na Windows-1252 inazisoma Ê na ‰. Nilikuwa nimefuata kila nilichofundishwa, isipokuwa kwamba siku hiyo nilitumia kompyuta ya pili, ambayo programu yake ya barua sikuwa nimeigusa, na bado ilikuwa inatuma bila kujitambulisha. Ng'ombe walikuwa wameniponea kwa apostrofi ya wima. Bibi hakuwa na pa kuponea. Irabu zake mbili haziko kwenye zile 128 kwa namna yoyote ile.

Baba mdogo alikuwepo dukani simu ilipopigwa. Aliuliza kumezuka nini tena. Nikamweleza. Akauliza, "Hizo herufi zenye mstari, ni za nani?" Nikamwambia ni zetu. Alizitazama kwenye kioo cha kompyuta muda mrefu, akaniambia nimsomee. Nikasoma, ʉmʉndʉ, kwa u zilizolegea kama bibi. "Eee," akasema. "Ndivyo." Kisha akaomba daftari langu na kalamu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanakili kurasa zote mbili kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa za shule ya zamani. Kila alipofika kwenye u ya kulegea, aliinua kalamu akaikata kwa mstari, taratibu, kama mtu anayeweka alama kwenye sikio la ndama. Tuliziweka kwenye bahasha, tukazituma kwa posta. Zilichukua siku kumi na saba kufika Hamburg, na zilifika kama zilivyo.

Harusi ilifungwa mwezi Desemba. Kaka mtu alikuja mwenyewe, na ng'ombe watatu kati ya wale watano aliwanunua wakiwa hai, akawaswaga hadi nyumbani kwa baba mdogo na vijana wawili nyuma wakiimba. Alipoingia uani alipiga magoti kwa wazee, akasema ndaga fijo, na mwanamke mmoja wa upande wetu akauliza kwa sauti kama hawa nao wana alama tumboni. Watu walicheka mpaka mshenga akakaa chini.

Baba mdogo alimchagua mmoja, jike jeusi lenye doa jeupe ubavuni, akamwita Yuro. Mwaka uliofuata alizaa.